Mikono Yangu Mipya Siku ya Kutoka Somoe

Jamani, aibu hii nimeificha tangu Juni, lakini kwa kuwa Newala nzima wanaijua na hapa Masasi imeshafika, bora muisikie kwangu kuliko kwa wanaoongeza chumvi (ingawa chumvi yenyewe haina tena pa kuongezwa). Ni kweli, nilikatwa minyama ya mikono kwa hiari yangu mwenyewe, eti isitikisike kwenye picha.

Chanzo ni sare. Binti wa mdogo wangu kule Newala, Somoe, alikuwa anachezwa unyago, na sisi akina mama wa familia tukakubaliana kushona kitenge kimoja, mshono wenyewe hauna mikono. Nilipojaribu gauni nikapunga mkono kidogo kwenye kioo, na ile nyama uzembe ya chini ikaendelea kupunga peke yake baada ya mimi kuacha! Mwenye akili angemwambia fundi aongeze mikono, yakaisha. Mimi nikapanda basi la Dar, nikaaga kwamba nafuata mzigo wa vitenge vya dukani kwangu, kumbe naenda kulala mezani kwa daktari wa kurekebisha maumbo.

Daktari simsingizii, aliniambia wazi, "Mama, wiki sita usinyanyue kitu kizito." Nikaitikia naam, naam, huku akilini naliona gauni tu. Kilichonitoka kabisa ni kwamba mwezi uliotangulia Somoe alinishika mkono akaniuliza, "Mama mkubwa, siku ya kutoka utanibeba wewe?" nami nikamjibu, "Nani mwingine?" Kwetu mwali akitoka unyagoni, anayembeba mabegani mbele ya watu ndiye anayesema huyu mtoto ni wangu. Na siku ya kutoka ilikuwa wiki mbili tu baada ya kisu.

Nikafika Newala nimevaa sweta (bahati Juni kule upepo unauma), ndani yake mikono imebanwa na bandeji, mshono umetoka kwapani hadi karibu na kiwiko, kwa hiyo hata hiyo mikono niliyoikatia tiketi haikuonekana na mtu. Nilipanga kusema bega linauma, wamchague mwingine kimyakimya. Lakini ngoma ilikuwa imeshapamba moto, na MC akatangaza, "Mama mkubwa wa Somoe apite mbele!" Nikapita. Somoe amesimama na kanga zake mpya, uso chini, ananisubiri mimi.

Nikachuchumaa ili apande. Nikainua mikono nimshike, moto ukaniwaka makwapani, nikabaki pale pale nimechuchumaa.

"Bega limeteguka hilo," akasema Bibi Ashumu, kungwi wao, mwanamke aliyekuwa anaunga viungo vya watu kabla sijazaliwa. Hakungoja ruhusa, akanidaka mkono akaanza kuvuta.

"Bibi, niache! Utafumua mishono!"

Sasa MC alikuwa ameshanisogezea kipaza sauti mdomoni nimsifu mwali. Neno "mishono" likatoka kwenye spika zote mbili, wapiga ngoma wakanyamaza.

"Mishono ya nini, mjukuu wangu?"

"Majipu, bibi."

"Mikono yote miwili?" Akapandisha sweta, akalegeza bandeji, akachungulia. "Majipu gani haya yaliyopigiwa rula?"

Nikaona uongo umefika ukingoni. "Nimepunguza unene, bibi. Kwa ajili ya gauni."

Akaniuliza taratibu, wala hakukasirika, "Sasa gauni ndilo litakalombeba mtoto?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Somoe hakucheka. Mwali hainui uso, kwa hiyo niliona machozi tu yakidondokea kanga, na hapo ndipo kicheko cha watu kikaacha kuniuma, nikaumwa na yale machozi. Mama Chiku, jirani yao, mwenye mikono minene kuliko yangu ya zamani, akajifunga kanga kiunoni, akampandisha Somoe mabegani na kuanza kucheza naye, minyama yote inatikisika na hakuna hata mmoja aliyeitazama. Mimi nikafuata nyuma na vigelegele, maana ndiyo kazi pekee isiyotaka mikono.

Nikabaki kwa mdogo wangu wiki nzima, hata kuchana nywele siwezi. Aliyenichana ni Somoe. Siku ya tatu, kitana kikiwa kichwani mwangu, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama mkubwa, na mimi mikono yangu ikinenepa itabidi ikatwe?"

Makungwi walikuwa wamemfundisha mwezi mzima namna ya kuwa mwanamke, nami nimelivuruga somo lote kwa asubuhi moja. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Yako ni mizima." Akasema, "Hata yako ilikuwa mizima," akaendelea kuchana.

Visu na mimi basi, jamani. Nikialikwa tena kwenye shughuli nitauliza kwanza kazi yangu ni ipi, habari za nguo baadaye.