Benchi la Wanaouguza

Wiki iliyopita, katika hospitali moja nje ya mji wa Kasulu, nilimwona msichana mwenye afya njema akijilaza kitandani katika wodi tupu. Alikuwa mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa kwanza. Mhadhiri alikuwa amewachanganya wanafunzi wa uhasibu na wenzao wa uhandisi na uuguzi, wajifunze kubuni vitu kwa kuanza na anayevitumia. Alikuwa amewakataza kuchora chochote kabla ya kukaa mahali pa mgonjwa.

"Usisinzie, dada, basi halitakusubiri," kijana wa uhandisi alimtania, akaketi kwenye benchi la wanaouguza jamaa zao, lililoegemea ukuta nyuma ya kichwa cha kitanda.

Msichana hakucheka. Alinyoosha mikono ubavuni, akatazama dari.

"Kuna mtu nyuma yangu," alisema taratibu. "Namsikia anapumua, lakini simwoni."

"Si ni mimi, jamani?"

"Wewe unasema hivyo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mke wangu alifia katika wodi hiyo, nami nilimuuguza nikiwa kwenye benchi hilo. Kutwa aliniuliza, "Upo?" Nilimjibu kwamba nipo, nikaamini ni homa inayouliza.

Wanafunzi walisogeza benchi hadi ubavuni mwa kitanda, kazi ya dakika moja, isiyohitaji chuo kikuu.

"Mzee, tusaidie, kaa hapo tujaribu," msichana aliniomba.

Nikaketi. Aligeuza kichwa juu ya mto, akanitazama kwa muda mrefu.

"Sasa nakuona," alisema.

Wenzake wakaandika. Mimi sikuweza kuinuka.