Majina Niliyoyafuta

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka hadi leo, na nikiikumbuka masikio yananiwaka moto.

Nilikuwa fundi wa kompyuta Old Kampala, kijana mwenye kibanda kidogo na majivuno makubwa. Nilipata programu ya bure ya kuandikisha wanafunzi, iliyotungwa na watu wa nchi za mbali. Ilikuja na leseni yake: tumia, nakili, badilisha upendavyo, ila majina yetu yaache, na utakayempa mpe na ruhusa hii hii. Mimi nikayafuta majina yote, nikaandika “Kazi ya Fundi Salum,” nikamwekea Mwalimu Zainabu shuleni kwake. Akanisifu mpaka kwa mama yangu. Nami nikazimeza hizo sifa, kimya.

Basi asubuhi moja akaniita mbio. Orodha ya watoto wa mtihani ilitakiwa kufika ofisi ya elimu kabla ya adhuhuri. Asiyekuwemo angengoja mwaka mzima. Na kompyuta ilikuwa inalia pi-pi-pi, kioo cheusi.

Hilo lilikuwa dogo. Nikachomoa umeme, nikafungua kasha, nikatoa kibao cha memori, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikakirudisha. Ikawaka. (Nawe jaribu hilo kabla hujamtisha mtu kwamba mashine yake imekufa.) Lakini programu ikagoma kufungua orodha.

“Si umeitunga mwenyewe?” Mwalimu akasema. “Itengeneze basi.”

Banange, jamani! Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, jasho likinitiririka. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimefika mwisho wake. Nikamwambia ukweli wote.

Hakunifokea, afadhali angenifokea. “Kalete hiyo leseni,” akasema.

Ilikuwa kwenye diski ya asili, kibandani; nikaikimbilia, nikaifungua pale shuleni. Chini yake watungaji walikuwa wameacha anwani yao ya barua pepe, ambayo nayo nilikuwa nimeifuta shuleni. Nikawaandikia, nikakiri na kosa langu. Haikupita saa, jibu hilo! Mtu asiyenijua alituma mistari miwili ya kurekebisha, na salamu kwa watoto. Orodha ikafunguka, tukaipeleka, watoto wote wakawahi. Wallahi mwili ulinisisimka. Ni mtu gani huyu, anayewahangaikia watoto wa Kampala asiowajua, tena kupitia kwa mwizi wake?

Mwalimu akaisoma leseni yote polepole, miwani puani.

“Subhanallah. Salum, hii ni wakfu. Lile bomba la maji msikitini, kila anayetawadha husoma jina la marehemu aliyelitoa, akamwombea. Wewe umebandua jina, ukabandika lako. Dua za watu umezipeleka wapi?”

Nikaketi mbele ya kompyuta, mwanangu. Nikayarudisha majina moja moja, yeye amesimama nyuma yangu akiyasoma kwa sauti, ulimi ukijikwaa kwa ugeni wake, na kila jina akilifuatisha na “Mungu amlipe.” Nililia mbele ya kioo kile, sikuona haya.

Basi nakuusia: cha bure nacho kina mwenyewe. Soma masharti yake kabla hujakigusa. Usilifute jina la aliyekufaa, na ukijaliwa kuongeza lako, liandike chini ya lake. Mungu akupe mikono ya kutengeneza na moyo wa kutoa, na siku mtu usiyemjua atakapolisoma jina lako, ulimi wake ujikwae, kisha akuombee.