Shule ya Kando

Mtu akiniambia jambo fulani ni kwa faida yangu, kwanza nauliza yeye anapata nini. Binti yangu husema huo ni ugonjwa. Mimi humjibu kwamba ugonjwa huo ndio ulionivusha Ziwa Tanganyika kutoka Kongo nikiwa na yeye mgongoni, wakati majirani walioambiwa watulie walitulia.

Mwaka ninaousimulia hapa tulikuwa tunakaa huku Marekani, katika mji mdogo kando ya Columbus, Ohio. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, mabango yamechomekwa mbele ya kila nyumba yenye bustani. Sisi hatukuwa na bustani, tulipanga ghorofa ya pili karibu na maduka. Tulianzia Buffalo, lakini theluji ya kule ilituchosha, na binti yangu akasikia kwamba huku kuna kazi. Alipata ya usiku, kufunga vifurushi ghalani. Mchana alilala. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwamsha mjukuu, nikamsindikiza kwenye basi la shule na kumpokea jioni.

Mjukuu alikuwa msichana wa miaka tisa. Alizaliwa kambini Tanzania, lakini Kiingereza alikishika upesi, hata mimi akawa ananijibu kwa Kiingereza, mpaka siku niliyokataa kumpakulia. Tangu siku hiyo ananiita koko, kama watoto wa kwetu wanavyomwita bibi, na chakula anakiomba kwa Kiswahili.

Chini yetu aliishi mwanamke Mmarekani mweusi. Binti yake alikuwa darasa moja na mjukuu wangu. Mwanamke huyo hakusalimia. Mnakutana kwenye ngazi, yeye macho kwenye simu. Nami nilimweka kati ya watu wa kuangaliwa.

Mlango wetu uligongwa na mwingine kabisa, mzungu mmoja wa kamati ya wazazi, amebeba keki. Binti yangu aliamka na macho mekundu ili atafsiri. Bon, maneno yalikuwa matamu kuliko hiyo keki. Wakubwa wa shule wanataka kufungua shule ya kando, ya watoto waliotoka nchi nyingine, katika jengo lake upande wa pili wa mji. Itakuwa na walimu wake na basi lake. Watoto watajifunza Kiingereza bila kuona haya.

“Muulize, wa kwake naye ataenda huko?” nikasema.

“Mama, acha.”

“Muulize.”

“Mama, mtu amekuja na keki!”

“Ndiyo maana nasema umuulize.”

Akamuuliza. Mwanamke alicheka, shingo ikawa nyekundu, akasema wa kwake amezaliwa hapa. Keki sikula. Mjukuu alikula vipande vitatu.

Jambo langu lilikuwa moja tu. Mtoto wetu yuko darasani na watoto wote, anasoma kitabu wanachosoma. Wakimtoa, nani atamrudisha? Kwetu nimeona watu wakiambiwa wasimame pembeni kidogo, wa aina fulani huku, wa aina nyingine kule. Anayekuambia usimame pembeni siku zote ana sauti ya upole.

Nilimpigia simu mdogo wangu aliyeko Louisville, upande wa South End. Akacheka.

“Kwetu huku mtoto anaamka na giza, anapanda basi mpaka mwisho wa mji. Wanasema ni ili watoto wachanganyike.”

“Na wazungu wanaletwa kwenu?”

“Wanasema wapo. Mimi sijawaona.”

“Donc, yaani huko wanapandishwa basi wachanganyike, huku wanataka kuwapandisha basi watengwe.”

“Ndivyo, dada.”

“Kwa nini kila dawa ya hawa watu ni basi, na kila basi linaondoka na watoto wetu?”

Akaniuliza habari za miguu yangu.

Kanisani Mchungaji alitangaza kwamba kutakuwa na mkutano wa watu wote juu ya shule hiyo, kila mtu anaruhusiwa kusema dakika tatu, na kwamba yeye atasema kwa niaba yetu.

“Utasema nini?” nikamuuliza mbele ya watu.

“Mama, nitasema kwa hekima.”

“Hekima inaingia kwenye dakika tatu?”

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa shule. Wakubwa walikaa nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Walituwekea mkalimani, kijana Mtanzania, mwanafunzi, mwenye adabu kupita kiasi. “Shikamoo, bibi,” akainama mpaka nikaona kisogo chake. Akakaa nyuma yetu na kutunong'oneza.

Alianza mwanaume mwenye kofia. Alisema hana ubaya na mtu yeyote, lakini zile nyumba za kupanga zimeijaza shule, mwalimu anawasubiri wasioelewa, na mtoto wake naye anasubiri. Akauliza, huo ndio usawa? Akafuata yule wa keki. Alisema watoto hawa wametoka mbali, wameteseka, wanahitaji mahali pao wenyewe, na huo ndio usawa. Walitazamana kama paka wawili.

Nikamgeukia mkalimani. “Hao wanagombana?”

“Ndiyo, bibi.”

“Mbona wanataka kitu kimoja?”

Kijana alikuna kichwa.

Kisha akasimama jirani yangu wa chini. Sikujua kama yupo. Alisema kwa sauti kubwa, kidole hewani, mara kinaelekea kwa wakubwa, mara kinaelekea kwetu. Nikajua tumekwisha.

“Anatutukana?”

“Hapana, bibi. Anawatetea. Anasema mama yake alisoma shule ya kando kule Kusini, ya weusi peke yao. Nao waliambiwa watajisikia vizuri zaidi wakiwa wenyewe. Anasema vitabu vilifika kwao vikiwa vimeshachanika.”

Mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma kwamba hiyo ni historia. Jirani akamgeukia, na ukumbi ukacheka kabla mkalimani hajaniambia alichosema. Alikuwa amesema, “Historia nimempigia simu asubuhi. Anaumwa magoti.”

“Lakini anatutetea kwa nini,” nikauliza, “na mimi hanisalimii?”

“Hapo sijui, bibi.”

Zamu ya Mchungaji ikafika. Alivaa suti yake ya Pasaka. Alimshukuru Mungu aliyetuvusha. Aliishukuru serikali ya Marekani. Aliwashukuru wakubwa mmoja mmoja, akawashukuru walimu, wapishi wa shule na madereva wa basi. Akasema sisi ni wageni na mgeni hana neno baya kwa mwenye nyumba. Na kila sentensi ilibidi kijana aitafsiri, dakika zinakwenda. Akavuta pumzi, akasema, “Sasa, ndugu zangu…” Kengele ikalia.

Yule mkubwa wa katikati alitabasamu mpaka meno ya nyuma. Alisema amefurahi sana kusikia kwamba jamii ya Wakongo inaupokea mpango huo kwa moyo mweupe. Watu wakapiga makofi. Mchungaji naye akapiga, kwa sababu mkalimani alikuwa bado hajafika hapo.

Nje, mahali pa magari, nilimshika mkono wa koti.

“Mchungaji, umetuuza.”

“Mama, nilikuwa ndiyo nafika kwenye ‘lakini’!”

“‘Lakini’ ndiyo ungeanza nayo.”

“Mama, wewe unaingia kwa watu unaanza na ‘lakini’? Wewe uliyelelewa?”

Kwetu huwezi kumwomba mtu hata chumvi kabla hujauliza watoto wameamkaje. Alifanya kama sisi sote tungefanya. Na mimi nikawaza, hawa watu wanajua kwamba tunashukuru kwanza. Kengele wameipima kwa shukrani zetu. Binti yangu alisema nimezidi, kengele inawalilia wote. Labda. Lakini yule wa kofia alimaliza maneno yake kabla haijalia, na akabaki na muda wa kunywa maji.

Mkutano wa pili, ule wa kupiga kura, nilikwenda mwenyewe. Mchungaji alikataa kunisindikiza. Waliponiita nilikwenda hadi kwenye maikrofoni na sikusalimu. Niliona aibu mpaka masikio yakaungua. Nikasema, “Mjukuu wangu yuko darasani na watoto wote. Anasoma kitabu wanachosoma. Hatumtoi.”

Kijana akatafsiri, na nikamsikia anawaambia habari za jioni. Nikamsikia anawaambia asante. Maneno hayo ya Kiingereza nilijifunza Buffalo, hayanipiti.

“Kijana, mimi nimewasalimia?”

“Hapana, bibi, ila…”

“Basi ondoa.”

“Bibi, itaonekana vibaya.”

“Ondoa. Na asante pia ondoa.”

Yule wa katikati akauliza kuna nini. Kijana, jasho linamtoka, ikabidi aeleze. Mtu mmoja tu akacheka, kicheko kikubwa cha tumboni. Alikuwa jirani yangu.

Nikaendelea. “Muulize, mtoto akishajua Kiingereza nani atamrudisha, na ni lini? Sitaki anijibu ‘tutaona’.”

Akajibu kwamba watoto watapimwa kila mwaka na wataalamu. Nikauliza wataalamu wanalipwa na shule ipi, hii au ile ya kando. Kengele ikalia. Nilibaki nimesimama, naye akabaki anatabasamu, mpaka goti langu likakataa nikarudi kukaa.

Wakubwa walipiga kura, wakaipitisha shule ya kando. Ila waliongeza kwamba mzazi asiyetaka hatalazimishwa. Sijui waliongeza kwa ajili ya nani. Kwangu sidhani. Labda mwanasheria wao aliwanong'oneza.

Asubuhi ya pili binti yangu alitoka kazini akapitia shule, akawaambia mtoto wetu habanduki. Nilidhani mambo yameisha.

Shule ya kando ilipofunguliwa baada ya sikukuu, watu wetu walikwenda. Watoto wa Mchungaji walikuwa wa kwanza. “Basi linafika mlangoni, mama,” wazazi waliniambia. “Kuna mwalimu anayejua kusema ‘jambo’. Wanapewa makoti.” Kila nilipouliza ni nani anayetoa makoti hayo na kwa nini, waliniangalia kwa huruma. Marafiki wa mjukuu wangu waliondoka wote. Katika darasa lake, wa kwetu alibaki yeye peke yake.

“Koko, na mimi nataka kwenda.”

“Huendi.”

“Kwa nini?”

“Ukienda hawatakurudisha.”

“Umejuaje?”

Sikuwa nimejua. Nilikuwa nimeshuku, na kushuku si kujua, hata mimi naelewa hivyo. “Kula,” nikamwambia.

Lakini ndipo nilipoona kwamba mtoto hali chakula chake. Nilimfungia chakula kila asubuhi, na jioni kilirudi kilivyo. Nilimbana. Ilichukua muda, kwa sababu naye ni mbishi kama watu wa kwetu. Mwishowe akasema kwamba wakati wa chakula anakaa mwisho wa meza peke yake. Wazungu wana meza yao. Weusi wa hapa wana yao. Hakuna aliyewaagiza, wanakaa tu. Siku moja alijaribu kukaa na weusi, wakamwambia Mwafrika ananuka samaki.

“Nani alisema?”

Akajifanya anafunga begi.

“Nani?”

“Yule wa chini.”

Basi nilikuwa nimemkatalia shule ya kando, na ndani ya shule ile niliyoipigania alikuwa ameshawekwa kando na watoto wenzake. Ningeweza kumwambia binti yangu tumpeleke kwa wenzake, akale. Ingekuwa rahisi, na yule wa meno angetabasamu tena.

Nilimshika mtoto mkono tukashuka ngazi. Nikagonga. Mlango ulifunguliwa kidogo, mnyororo ukiwa umefungwa. Jicho moja.

“Anauliza unataka nini,” mjukuu akasema.

“Mwambie nataka kujua kwa nini alisimama kwenye mkutano.”

Jicho likatuangalia sote wawili kuanzia juu hadi chini. “Anauliza kwa nini unataka kujua.”

“Mwambie kwa sababu hasalimii.”

“Anasema hata wewe humsalimii, koko. Anasema tangu tuhamie unamwangalia kama mwizi.”

Nikasema, “Mwambie binti yake amemwambia mtoto wangu ananuka samaki.”

Mtoto hakutaka kutafsiri. Nikamfinya bega. Alipotafsiri, mlango ulifungwa, nikafikiri ndiyo basi. Kumbe anatoa mnyororo. Akageuka akaita jina kwa sauti ile ya mkutanoni. Msichana akaja, nywele nusu zimesukwa, chanuo limesimama kichwani. Mama yake akamuuliza neno moja. Msichana akaangalia miguu yake. Halafu mama akasema maneno machache bila kupaza sauti, na msichana akalia, “Mama!”

“Amesema nini?” nikauliza.

“Amesema kesho mimi na yeye tutakaa meza moja. Kila siku mpaka shule ifungwe.”

“Na huyo analalamika nini?”

“Hataki.”

“Na wewe?”

“Mimi pia sitaki.”

“Mwambie mama yake nimekubali.”

Kesho yake jioni nilisimama kituoni kabla ya basi kufika. Jirani naye alikuwa pale. Lugha moja hatuna. Wasichana walishuka, mmoja mbele, mwingine nyuma mbali.

“Mlikaa pamoja?” nikamuuliza mjukuu.

“Tulikaa.”

“Mliongea?”

“Hapana.”

Nikafungua mfuko wake. Chakula kilikuwa kimeisha. Nikamwangalia vizuri, kwa sababu chakula kinaweza kutupwa.

“Nani alikula?”

“Yeye alichukua sambusa moja.”

“Aliomba, au alichukua tu?”

“Alichukua tu.”

“Na wewe ukafanya nini?”

“Nikachukua chipsi zake.”

“Bon,” nikasema, nikambebea begi.