Nilikuwa afisa mazingira wa kiwanda cha kahawa Rungwe: kwenye ripoti, maji yetu machafu yalikuwa safi kuliko ya dukani

Wakuu, poleni na majukumu. Wenye umri wa wazazi wangu, shikamooni.

Leo nina kisa cha kazini. Majina nimebadilisha na kiwanda sikitaji, ukikitambua kaa nacho moyoni. Yaliyobaki yote ni kama yalivyotokea. Hata ningetaka kuongeza chumvi, sioni pa kuiweka.

Nina digrii ya sayansi ya mazingira. Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Lufingo, nikawa napalilia migomba ya wazazi asubuhi na kubishana na watu humu jukwaani jioni. Baadaye nikapata mkataba wa msimu kwenye kiwanda cha kumenya kahawa upande wa Masoko.

Cheo: afisa mazingira. Nilipewa fulana yenye maneno hayo mgongoni. Meza sikupewa.

Kwa wasioijua kazi hii: wakulima wanaleta kahawa mbivu, mashine inatoa ganda, halafu punje zinalowekwa na kuoshwa. Inakula maji mengi sana. Maji yanayotoka ni ya kahawia, mazito, na yana sukari ya lile ganda, kwa hiyo yanachacha haraka na kunuka kama pombe iliyosahaulika.

Yakiingia kijitoni yanamaliza hewa iliyomo ndani ya maji. Samaki wanapanda juu wanatweta, mwisho wanageuka matumbo.

Sasa sikilizeni utaratibu. Serikali inataka kujua kiwanda kinamwaga nini. Kwa hiyo kiwanda chenyewe kinachota sampuli ya maji yake, chenyewe kinaipeleka maabara, na chenyewe kinajaza majibu kwenye mfumo wa mamlaka.

Yaani mtahiniwa anajisahihishia mtihani, anajumlisha maksi, halafu anazituma baraza la mitihani. Na baraza linashukuru.

Wiki yangu ya kwanza alikuja getini mama mmoja, nitamwita Mama Gwantwa. Mjane, shamba lake linapakana na kiwanda upande wa chini. Ana bwawa la samaki linalopata maji kutoka kwenye kile kijito chetu. Bwawa hilo ndilo lililokuwa likimsomesha binti yake uuguzi.

Msimu uliopita samaki wote walikufa. Alienda kiwandani kulalamika akaambiwa labda aliwalisha vibaya. Sasa kuna mtu wa Suma alikuwa tayari kumletea vifaranga wapya wa samaki, ila mama alikuwa anasita. Wakifa na hawa, binti anarudi nyumbani.

Aliisoma fulana yangu taratibu, kisha akauliza: "Wewe ndiye wa mazingira? Haya niambie, niweke samaki au nisiweke?"

Swali jepesi hivyo. Nikamwambia anipe muda nipitie ripoti.

Nikazipitia. Wakuu, nilicheka peke yangu. Kwa mujibu wa ripoti, maji yanayotoka kiwandani kwetu hayakuwa na tindikali, hayakuwa na rangi, hayakuwa na uchafu wa kuzungumzia. Maji ya chupa ninayonunua stendi ya Tukuyu yangeona aibu kukaa nayo meza moja.

Na huku nje ya dirisha mfereji unapita na maji rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nzi juu yake kama wako kwenye mkutano wa hadhara.

Mimi nikajua tayari: hongo. Kuna mkemia kalipwa huko maabara. Nikaanza hata kutunga kichwa cha uzi.

Nikamfuata msimamizi wa mitambo, Mzee Ambakisye. Mtu mzima, mzee wa kanisa, yuko pale tangu kiwanda kinajengwa. Yeye ndiye aliyekuwa anachota sampuli. Nikamuuliza anachotea wapi, nikitegemea abadilike uso.

Hakubadilika hata kidogo. Alinielekeza kwa fahari. Anaziosha chupa kwa maji ya moto, anazisuuza mara kadhaa, halafu anapanda nazo hadi kwenye chemchemi iliyoko juu ya kiwanda, ile ambayo hata mchungaji wa kanisa lao huchota maji yake ya kunywa.

Nikamuuliza kwa nini juu, wakati maji machafu yako chini.

"Gwe mwanangu," akaniambia, "chupa hii inakwenda ofisini kwa wakubwa. Unaweza kumpelekea mgeni uchafu? Hata kwako ukija mtu akiomba maji, unamchotea mtaroni?"

Hakuwa anatania.

Hakuna aliyemwambia kwamba lengo ni kuona uchafu. Aliambiwa tu: Mzee, wanataka maji, wajazie chupa. Naye akafanya kama alivyolelewa. Kitu kinachopelekwa ugenini kinakuwa safi, na chombo chake kinakuwa safi. Kwetu Unyakyusani ukipeleka maziwa kwa mtu kwenye chombo kichafu unasemwa mpaka kwenye msiba wako.

Kumbe kwa miaka yote hiyo taifa lilikuwa linapima chemchemi ya mchungaji.

Lakini msinielewe vibaya, simcheki mzee. Adabu haina kosa. Ninaowacheka ni wenye digrii kama yangu waliopokea zile namba. Kiwanda cha kahawa, katikati ya msimu, kinatoa maji yanayofaa kubatizia, na hakuna hata mmoja aliyekuna kichwa. Mkemia alipima alicholetewa. Mfumo ulionyesha kijani. Ofisa akaona kijani, akaenda kunywa chai.

Zaidi ya hapo, meneja wetu aliwahi kuitwa kwenye semina Mbeya awaeleze wenzake siri ya mafanikio. Na alikwenda. Na aliwaeleza.

Nilipompelekea habari hii meneja huyo, ambaye nitamwita Bwana Asajile, aliniuliza nani mwingine anajua. Si maji yanakwenda wapi. Nani anajua.

Hapo ndipo nikapata jibu la swali ambalo sikuwa nimemuuliza.

Nikamwambia sampuli ya safari hii nitachota mwenyewe, mwisho wa mfereji, mashine ikiwa inafanya kazi. Akaniambia mimi ni kijana msomi, nina haraka, na viwanda vinakwenda na mazingira yake. Sentensi hiyo hadi leo sijajua maana yake.

Nikachota. Chupa ilitoka kama ina togwa. Mzee Ambakisye alinishika mkono kwa huruma ya kweli, akaomba angalau tuichuje kwanza. Nikakataa. Aliondoka anatikisa kichwa, kwa maoni yake nilikuwa naliaibisha kabila zima.

Majibu yakaja. Mabaya, kama ilivyotakiwa kuwa. Nikayajaza kwenye mfumo, ukageuka mwekundu.

Nikasubiri waje mbio.

Siku chache baadaye simu ikaita. Ni ofisa wa mamlaka, kijana, sauti ya upole. Hakuuliza ni nini kimetokea kwenye kijito. Aliniuliza kama nimekosea nukta.

"Ndugu yangu, angalia vizuri hapo," alisema. "Nyinyi huwa hamna shida. Isogeze nukta nyuma mara mbili uone, utakuta imekaa sawa."

Nikamwambia nukta iko mahali pake, kilichohama ni chupa. Akasema mfumo hautamruhusu kufunga ripoti ya robo mwaka kama kuna wekundu. Nikamwambia basi asiifunge. Akashusha pumzi kama mtu aliyeletewa mgonjwa wa jirani. Akasema itabidi waje.

Huyo si mla rushwa, wakuu. Hata soda hakuomba. Alikuwa anataka tu skrini yake iwe kijani. Mla rushwa angalau anajua kuna uchafu, maana ndio unaomlisha.

Siku ya ukaguzi alikuja mkaguzi mmoja mtu mzima, viatu vyeusi vinang'aa, kwenye tope la Masoko. Kiwanda kilipakwa chokaa. Sijui chokaa ilikuwa inazuia nini. Akakaribishwa ndizi na nyama, maziwa ya mgando, ndizi tena. Mama Gwantwa nilikuwa nimempa taarifa, akaja akakaa kwenye ukuta mdogo karibu na mizani, khanga imefungwa kiunoni.

Saa ya sampuli ikafika. Mkaguzi akatazama mteremko unaokwenda mwisho wa mfereji. Umetapakaa maganda ya kahawa yaliyooza, yanateleza kama mlenda. Akatazama viatu vyake. Halafu, mbele yangu, akampa chupa Mzee Ambakisye. Akasema, "Mzee ni mwenyeji, atanisaidia."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaisuuza. Akaanza kupanda juu.

Nikafungua mdomo, Bwana Asajile akanikanyaga mguu. Kweli kabisa, akanikanyaga, huku anamwongezea mkaguzi maziwa.

Ndipo Mama Gwantwa akasimama. Hakupaza sauti.

"Baba Ambakisye," akaita, "hayo unayoyafuata ni ya mchungaji. Ya samaki wangu yako huku chini."

Mzee akasimama. Akasema, "Mama, mgeni huyu. Nimpe yale?"

"Mpe yale. Sisi tunapewa kila siku na hatujawa wageni."

Watu wa mizani wakacheka. Mkaguzi akauliza kuna nini, yale ni yapi. Mama Gwantwa akamwambia akitaka kujua ashuke, yeye atatangulia. Sasa hapo, mbele ya wakulima wote waliokuja kupima kahawa, mwanamume na cheo chake angesemaje? Atasema anaogopa tope?

Akashuka. Katikati ya mteremko akateleza akakaa chini kwenye maganda, suruali ikaisha. Hakuna aliyecheka, ila wakulima wote ghafla walikuwa na kikohozi. Kule chini ile harufu ikamkaba, akatoa leso. Mama Gwantwa akamwonyesha mahali mfereji unapoingia kijitoni, na mahali kijito kinapoingia bwawani kwake. Bwawa halina samaki, utando wa kijivu juu.

Mkaguzi alichota mwenyewe. Aliporudi kwenye gari walimtandikia gunia ndipo akakaa.

Sitasema ni viatu au ni majibu ya maabara, lakini safari hii amri ilitoka. Kiwanda kilitakiwa kuchimba mashimo ya kutuliza maji, na maganda yapelekwe mashambani yawe mbolea badala ya kurundikwa mteremkoni. Kazi ambayo ingeweza kufanyika tangu siku ya kwanza kwa majembe. Wakachimba.

Mkataba wangu haukuongezwa. Niliambiwa nafasi imeunganishwa na ya mtunza stoo. Kwa hiyo sasa mtunza stoo ndiye anaandika ripoti za mazingira, na nasikia mfumo umerudi kijani.

Nikaenda kwa Mama Gwantwa kumpa jibu lake, maana nilikuwa bado nadaiwa. Nikamwambia mashimo yapo, ripoti ni nzuri, ila mimi siwezi kumwapia. Inawezekana ni maji yametulia, inawezekana mzee amerudi kupanda juu na chupa.

Akaniambia, "Wewe endelea na ripoti zako, baba. Mimi nimeshapata namna."

Mtu wa Suma alikuwa amemletea vifaranga wachache tu. Mama aliwaweka kwenye beseni la kufulia, chini ya upenu wa jiko. Msimu mpya ulipochanganya, mashine inaunguruma kutwa, yeye akawa anashuka kijitoni na ndoo, pale pale mfereji unapoingilia, anawabadilishia maji. Kila siku maji ya kijito, kahawa ikiwa imepamba moto.

Wanakijiji wakawa wanapita kuchungulia. Hata Mzee Ambakisye alipita, akainama, akatazama muda mrefu. Sijui aliwaza nini. Aliondoka akiwa amevua kofia.

Msimu ukaisha vifaranga wanazunguka beseni wakigombea pumba.

Wiki iliyofuata bwawa likajazwa samaki. Binti bado yuko chuoni.

Nilichojifunza, wakuu: mkisomewa kwamba kiwanda fulani, shamba fulani la maua, mgodi fulani umetimiza viwango, msiulize namba. Namba huwa nzuri. Ulizeni nani alishika chupa, alisimama wapi, na mashine ilikuwa inaunguruma au imezimwa. Wakishindwa kujibu hayo matatu, ripoti hiyo ni salamu tu za heshima kutoka kiwandani kwenda ofisini.

Mlioko kwenye viwanda vya chai, maparachichi, ngozi, sukari, njooni mtuambie kwenu nani anachota. Na mlioko huko mamlaka mnaosoma humu kimya kimya, na ninyi karibuni, ila mje na mabeseni.