Dada Polepole na Uso wa Wifi Yake

Saa tatu asubuhi. Katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifungo na nyuzi, mwanamke wa miaka arobaini na minne ananawa mikono hadi viwikoni. Anafumba macho, midomo inasogea bila sauti. Anaitikia "Amina" yake mwenyewe, kisha anavuta kigoda hadi kichwani pa kitanda.

Kitandani amelala wifi yake, dada wa mumewe, nywele zimefungwa kwa taulo.

"Ukiniunguza tena," anasema wifi, "safari hii namrudisha kaka yangu kwetu."

"Mchukue hata leo, wifi. Anakoroma kama mashine ya kusaga."

Muuza viatu anayesubiri zamu kwenye benchi anacheka mpaka anapaliwa.

Utani huo una kidonda ndani yake. Miaka sita iliyopita fundi huyu wa nyuso, ambaye wateja humwita Dada Polepole, alikuwa anauza mkorogo, yale mafuta makali ya kuchubua ngozi. Aliyachanganya mwenyewe kwenye ndoo ya plastiki kwa mwiko. Wifi, aliyekuwa tayari na binti wa miaka kumi, alikuwa anaolewa na akataka aonekane mweupe haraka. Fundi akazidisha dawa, kwa mapenzi kabisa.

Siku nne kabla ya harusi uso ukababuka. Bibi harusi akaolewa chini ya mtandio mzito, na picha za siku ile hazijatundikwa ukutani hadi leo. Uso ulipopona ulibaki umekakamaa, na madoa mawili meusi mashavuni.

"Hakunitukana," anasimulia Dada Polepole. "Angenitukana ningepumua. Akawa ananisalimia kama unavyomsalimia mtu uliyekutana naye kwenye foleni."

Miezi mitatu iliyopita wifi alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na mkoba begani. Akasema anatoa miezi mitatu tu. Uso ukikataa, asiguswe tena, na habari hiyo isizungumzwe tena katika familia. Leo ndiyo siku ya mwisho.

Kufika hapa kulimgharimu Dada Polepole. Wiki ile ya harusi aliimwaga ndoo yote ya mkorogo. Kati ya wateja thelathini walibaki wanne, na kwa miezi mitano nyumba ikaendeshwa na mshahara wa mume peke yake. "Nilipiga magoti, nikamwambia Mungu sijui kazi nyingine. Kama ni nyuso, basi anifundishe upya."

Akajiandikisha darasa la jioni la urembo, akakaa dawati moja na wasichana walioweza kuwa binti zake. Walimwita Bibi. Huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza video za utunzaji wa ngozi wa Kikorea, zenye nyuso laini zinazong'aa kama kioo kilichofutwa sasa hivi.

"Kilichonishika ni mikono yao," anasema. "Wale hawapigani na ngozi. Wanaibembeleza."

Aliandika hatua zote kumi kwenye daftari, akazijaribu zote kumi kwa mpigo, juu ya uso wake na wa majirani wawili, ndani ya chumba cha bati, jua la saa saba. Kufikia Ijumaa wote watatu wametokwa na vipele kama punje za ulezi.

"Mwalimu alicheka, halafu akaniuliza, 'Wenzako wanaishi kwenye baridi kavu, wewe unatoka jasho hata ukikaa. Hayo marundo ya nini?'"

Akapunguza hatua hadi tano, na hizo ndizo anazofanya asubuhi hii. Anaanza na mafuta mepesi ya kuyeyusha vumbi na jasho, kisha povu laini. Baada ya hapo anamimina maji ya kulainisha viganjani na kuyagonga usoni taratibu, tabaka juu ya tabaka, akisubiri kila moja linywewe. Haruki hata moja, na ndipo lilipotoka jina lake.

Sasa anafungua kichupa cha jeli inayovutika kama uji mzito.

"Hicho nini?" anauliza muuza viatu.

"Ute wa konokono."

"Konokono huyu huyu wa bustanini?"

"Huyo ana ndugu zake wa Korea, wamesoma," anajibu wifi kutoka kitandani, na benchi linacheka tena.

Mwisho ni krimu ya kukinga jua. Hii huisugua kwanza kati ya viganja hadi ipate joto, kwa sababu ikipakwa baridi huacha ukungu wa kijivu kwenye ngozi nyeusi. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza kama amempaka unga.

Wateja wapya bado huja wakitaka weupe. Yeye huwaambia wazi, "Ngozi nyeusi yenye afya inang'aa yenyewe. Mimi naipa maji na kivuli tu."

Wifi anaketi. Anapewa kioo.

Uso ni laini. Paji linashika mwanga wa dirisha, na ngozi iliyokakamaa miaka sita imejaa tena. Lakini madoa mawili yapo, yamefifia tu.

"Bado yapo," anasema wifi.

"Yapo, wifi. Huenda yakabaki. Sitakudanganya mara ya pili."

Wifi anajigusa shavu kwa vidole viwili, kwa muda mrefu. Kisha anaweka kioo chini.

"Binti yangu ana miaka kumi na sita. Juzi nimekuta kopo la mkorogo chini ya godoro lake." Anavaa viatu. "Jumamosi namleta. Umguse wewe, mtu mwingine hapana."

Dada Polepole anageukia beseni na kujifuta macho kwa mkono wa gauni. Muuza viatu anatazama dirishani kwa heshima.

Baadaye, akikausha mikono, anaeleza mpango wake. Hatasubiri tena kuwa na chumba kikubwa. Jumamosi hiyo hiyo ataanzisha darasa la bure kwa wasichana wa mtaa, na ameshaahidiwa viti sita na mwenye duka la vifungo.

"Nataka wanifikie mimi huyu wa leo," anasema, "kabla hawajamfikia mtu kama yule niliyekuwa."