Kuigawa Dahalia

Kilichoninyima usingizi kilikuwa swali ambalo mtu mwengine angelijibu huku anafunga viatu. Je, padri alinipa kazi ile kwa sababu mimi ni mlezi wa dahalia, bweni la wavulana, au kwa sababu mimi ni Mwislamu?

Padri ndiye mwalimu mkuu wetu. Alikuja kutoka upande wa Muheza kuiongoza skuli hii ya wavulana, skuli ya kanisa la Kianglikana, nje kidogo ya Wete. Mimi nilisoma hapa. Nikaenda chuo kikuu Unguja, nikarudi na shahada ya historia, nikakaa kwetu Ole nikichuma karafuu, mpaka skuli iliponipa mkataba wa mwaka mmoja wa kufundisha na kulala chumba cha mwisho cha dahalia ili niwaangalie wavulana. Uchovu wa dahalia hautokani na kazi. Unatokana na kutoachwa peke yako. Hata ukioga, mtu anabisha mlango kuuliza kama leo kuna mpira.

Wageni huuliza skuli ya kanisa inapata wapi wanafunzi kisiwani Pemba. Wengi ni Waislamu wa hapahapa, maana wazazi wanaitaka Hisabati yake. Waliobaki ni watoto wa Tanga, na watoto wa maofisa waliohamishiwa huku. Na tangu zamani, kila kitanda cha ghorofa hulaliwa na mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani. Anayerudi kusali alfajiri humwamsha mwenzake aende sala ya asubuhi. Ramadhani ikiingia mambo hugeuka: wa kanisani hushika zamu ya jikoni, wakakoka moto wa daku na kuwaamsha wenzao.

Nani alianzisha utaratibu huu, sijui. Nimewauliza wazee waliosoma hapa. Mmoja alisema ni agizo la padri wa mwanzo. Mwengine alisema vitanda vilikuwa haba tu, kila mtu akilala palipobaki. Nilizichukua kauli zote mbili, nikazilinganisha, nikabaki pale pale.

Ramadhani ilipokaribia, padri aliniita ofisini baada ya vipindi.

"Mwalimu, mwaka jana wazazi walilalamika. Watoto wa kidato cha nne hawalali kwa kuamshana usiku, kutwa wanasinzia. Tuwagawanye. Waislamu chumba cha juu, Wakristo chumba cha chini."

"Sawa, Padri. Utawatangazia lini?"

"Utawatangazia wewe. Nikisema mimi, kesho itakuwa maneno mjini. Ukisema wewe, nani atanung'unika?" Akapanga madaftari mezani. "Na ule mkataba wako unaokwisha, tukishamaliza hili tutakaa tuuzungumze."

Sidhani kama alikusudia kunitisha. Hilo nalo nililifikiria mpaka kukapambazuka.

Nilitangaza baada ya chakula, kwa sauti ya mtu anayetarajia kupingwa. Nilitumaini wavulana wangekataa, nami nirudi kwa padri na kukataa kwao. Kijana mmoja wa mtaa wa Jadida, mlalaji wa kitanda cha juu, alinyanyua mikono kama anayeitikia dua.

"Alhamdulillahi. Huyu akikoroma, kitanda kizima chatikisika."

"Mimi nakoroma?" akasema mwenzake wa chini, mtoto wa Tanga. "Wewe ukishuka alfajiri wanikanyaga kichwa, kama ngazi."

"Kichwa chenyewe kigumu, hakijapata hasara."

"Ticha, tugawanye leo leo nilale."

Wakahamisha magodoro wakicheka. Aliyebaki na huzuni ni mimi, nikaanza kujishuku. Huenda sikuwa natetea lolote ila ujana wangu mwenyewe. Huenda padri alikuwa na haki, na watoto walihitaji usingizi, kama nilivyouhitaji mimi.

Asubuhi yake, Jumapili, kengele ililia na chumba cha chini hakuna aliyejigeuza. Hawakuwahi kuamshwa na kengele hata siku moja. Walizoea mkono wenye baridi ya maji ya udhu ukiwavuta shuka. Padri alianza ibada mbele ya mabenchi matupu. Aliponiona baadaye hakugomba.

"Watazoea," alisema. "Tutanunua kengele kubwa zaidi."

Nilimuuliza yule wa Jadida kama hakuwaona wenzake wamelala.

"Niliwaona, ticha. Nilipita dirishani kwao nikitoka kusali. Nikasema yanihusu nini, si tumegawanywa?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeulizwa saa akaitaja.

Ijumaa nilikwenda Ole. Mama alikuwa uani anamenya muhogo. Akaniangalia usoni, akaacha kisu.

"Umekonda, baba. Huko hawakupi chakula?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye mkataba.

"Usimkere padri," alisema. "Mwana wa jirani ana shahada kama yako, auza vocha barazani. Umeshatangaza, basi kula mshahara wako, nyamaza."

"Na watu wakiniuliza kwa nini nimewagawanya watoto?"

"Waambie ni amri."

"Amri ya nani, mama? Wao wamenisikia mimi."

Mama akarudi kwenye muhogo wake. "Basi fikiri, ndiyo kazi yako," akasema, na nilijua amechoka nami.

Nilirudi Wete kwa baiskeli, na vilima vya njia ile havimpi mtu nafasi ya kuwaza mambo mengi kwa pamoja. Kama kuwagawanya ni vizuri au vibaya, huenda nisijue kamwe. Lakini padri hakuniuliza rai yangu. Alihitaji kofia yangu kichwani wakati maneno yake yanatoka. Hilo nilikuwa na hakika nalo.

Jumamosi asubuhi nilimkuta ofisini.

"Padri, leo narudisha magodoro. Ukiona bado inafaa wagawanywe, simama ukumbini uwaambie wewe. Mimi sitakupinga. Ila sitalisema mimi."

Alivua miwani. "Na wazazi?"

"Sijui."

"Mkataba wako unakwisha mwezi huu."

"Najua, Padri."

Akairudisha miwani usoni. "Wewe hulali," alisema.

"Silali."

"Mimi pia." Akayavuta madaftari yake. Nikaaga nikatoka.

Siku ile ya kugawanywa wavulana walicheka; safari hii walinung'unika.

"Ticha, kwani hujui unalotaka?" aliuliza yule mtoto wa Tanga.

"Shika huko," nikamwambia, nikanyanyua upande wangu wa godoro lake, tukaanza kupanda ngazi.