Siku Tatu Zenye Nilificha Dada Yangu

Miye nilisoma paka mwaka ya tatu ya shule ya musingi, kule Butembo, kisha baba akakufa na masomo ikakufa naye. Donc mukiona naandika vibaya, musinicheke sana; naandika vile ninasemaka, na Kifaransa kidogo ndani: donc ni basi, mais ni lakini. Nilikuja Beni nikiwa kijana, nikajifunza kutengeneza velo, ndiyo baiskeli, na chukudu, ile ya mbao ya kubebea mizigo, na hii kazi njo ilinipa bibi na batoto saba. Pa mulango ya kibanda yangu nilitundika libao: YESU ANARUDI. TUNAZIBA PINE. Siku moja muchuuzi mumoja wa ndizi akaniuliza kama Yesu atarudi na velo. Nikamuambia hata akirudi na muguu, weye atakukuta fasi gani? Akalipa, akaenda.

Sikukuwa mutu wa kuficha imani. Pa parking ya malori, mbele Fuso haiyaondoka kwenda Kasindi, ni miye nilikuwa napandaka juu ya magunia ya kahawa na kuombea safari kwa sauti. Dereva anazima motere, batu banatoa kofia. Hata jirani yangu mwenye Fuso mbili, ni Muislamu, alikuwa ananiita. Aliniambiaka: "Omba, muzee, mais omba mufupi. Mungu anasikiaka mbio. Ni forodha ya Kasindi njo haisikie." Tulikuwa tunachekaka sana, siye babili. Yeye alikuwa anafunga Ramadani, na jioni bibi yake ananiletea sambusa kwa lupango, ile uzio kati yetu, na miye kwa Noeli ninamupelekea kuku akiwa muzima, ili amuchinje mwenyewe vile dini yake inataka.

Nasema hii yote ili mujue batu ba Beni balinijua, miye muzee wa kanisa. Kama kuko mukutano, muzee atasema. Kama mutu anaona haya kumutaja Yesu mbele ya chef wa mutaa, muzee hataona haya. Nami nilipenda sana vile balinijua. Hiyo sikuijua ile wakati, nilikuja kuijua nyuma.

Ebola ilitokea upande ya Mangina. Batu balisema mingi: ni siasa, ni biashara ya bazungu, ni sumu. Miye sikusema vile. Nilisema kitu yenye ilikuwa mubaya kupita: nilisema mutu wa Mungu hapana kuogopa.

Kwetu kanisani kuko desturi moja. Kisha baraka ya mwisho, hatutokake ovyo. Muchungaji anatoka wa kwanza, anasimama inje pa mulango. Muzee wa kwanza anamupa mukono, anasimama kando yake. Wa pili anasalimia bale babili, anasimama kando yao. Na kila mwenye kutoka anapita mbele ya bote benye balitangulia, mukono kwa mukono, kisha anasimama ku mwisho. Mustari inaenda inarefuka, inazunguka uwanja, inafika kule ku choo, batu bakiimba, mupaka hakuna mutu mwenye mukono yake haikugusa mukono ya mwingine. Mutu mwenye mulikosana naye mu juma, pale utafanya nini? Utamupa tu. Miye na bibi yangu tulikaa siku ine bila kusemezana, juu ya mbuzi yenye niliuza bila kumuuliza, na ni mu ile mustari njo tulianza kucheka tena. Magomvi ya mashamba iliishia pale zaidi kuliko mbele ya chef.

Batu ba riposti, ndiyo bale benye balikuja kupigana na ugonjwa, bakaleta ndoo ya maji ya dawa, bakaomba tuache kupeana mikono. Muchungaji wetu alikubali. Yeye alikuwa angali kijana, na alisoma. Mais miye nikasimama mu kikao ya bazee, nikauliza: "Kama tunaogopa mukono ya ndugu, tutabeba musalaba na nini?" Bazee bote bakaitika amina. Muchungaji akaangalia chini. Mustari ikabaki.

Sasa nije kwa dada yangu mudogo. Alikuwa mujane, anakaa mu chumba ya nyuma mu parsele yangu, ndiyo kiwanja yangu, anauzisha maharagi ku soko. Shemeji yake mumoja akakufa Mangina, naye akaenda ku kilio. Bamama bakaosha maiti vile tunafanyaka, naye akaosha pamoja nao. Akarudi. Juma moja ikapita. Ijumaa asubui akaamuka na homa, macho nyekundu, hataki kula.

Akaniambia pale pale, yaya njo vile ananiitaka miye kaka yake: "Yaya, unipeleke kule ku matente ya riposti. Nilimuosha ule shemeji."

Nikamuambia ni malaria. Nilijua haiko malaria. Nilikuwa naogopa nini? Siyo kifo, nitasema kweli. Niliwaza vile batu batasema ku soko: ule muzee wa "hapana kuogopa", dada yake amebebwa na gari ya Ebola. Niliona jina yangu ikianguka kama libao. Basi nikamufungia chumba, nikakataza bibi yangu kusema inje, nikaita ile woga imani. Siku ya posho, ndiyo jumamosi, nikamuwekea mikono ku kichwa, nikaomba saa nzima. Kichwa yake ilichoma kama jiwe ya jiko. Yeye hakuitika amina. Alikuwa ananiangalia tu.

Siku ya Mungu nikavaa koti, nikaenda kanisani, nikasimama mu mustari, miye wa tatu kutoka muchungaji, nikasalimia kanisa nzima. Batu balikuwa bananiuliza dada yako iko wapi. Nikasema ameenda ku shamba. Mama mumoja alishika mukono ya mutoto wake wa mugongoni akaitia mu yangu, ili mutoto ajue kusalimia bazee. Nikaishika.

Kazi moja, ndiyo jumatatu, asubui, dada yangu akaanza kutapika. Akatoka yeye mwenyewe mu chumba, akijishikiza ku ukuta, akasimama pa uwanja.

"Yaya," akasema, "kama weye unaona haya, miye sina haya. Nitajiita mwenyewe."

Na akamuita jirani juu ya lupango. Ule Muislamu akapiga simu kwa riposti bila kuniuliza kitu. Gari ikakuja. Vijana ba avenue bakaijaza njia na mawe mu mikono, juu balisema benye kubebwa kule hawarudi. Na jirani yangu, na kofia yake ya kusali, akatoka akasimama mbele ya mulango ya parsele yangu, siyo yake, yangu. Akabaambia: "Mutu mwenye munatafuta ni miye. Miye njo nilibaita. Mupige." Bakamuangalia. Batatu, bane balikuwa batoto ba madereva bake. Gari ikapita. Na miye nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma ya mulango, nimeshika Biblia.

Nyuma akakuja binti mumoja wa riposti, Munande wa kwetu, na karatasi. Akakaa mbali kidogo, juu ya banki yenye baclient banangojeaka velo, akauliza nani alimugusa mugonjwa. Nikasema miye na bibi yangu.

"Na tangu Ijumaa, baba, ulienda fasi gani?"

Nikasema sikwenda fasi. Niliziba pine tu. Akaandika ile bongo, ile uongo yangu, kwa maandiko mazuri kabisa. Bibi yangu akaniangalia, kisha akaenda kuosha sufuria yenye ilikuwa safi.

Kesho yake jibu ikafika: ni Ebola. Dada yangu anaishi, mais ni Ebola. Bibi yangu, mwenye hakunisemesha tangu asubui, akasema maneno tano: "Weye ulisalimia kanisa nzima, muzee."

Nilifanya hesabu ya bale batu, sikuweza kuimaliza. Bakijua sasa, batachanjwa, bataangaliwa homa yao kila siku. Bakikosa kujua, mumoja akigonjwa, atafichwa mu nyumba yake vile miye nilificha, na bamama batamuosha. Hiyo njo ilinivunja. Siyo malaika, siyo ndoto. Ni kuona ule mutoto wa mugongoni.

Siku ya tatu kisha gari kumubeba, ule binti akarudi na kipima-homa. Nikamuambia afute. Nikasema ile bongo. Hakunigombeza. Akageuza karatasi, akasema: "Unipe majina, baba."

"Siwezi. Ni mustari."

Hakuelewa. Nikamuambia basi tufuatane, nitakuonyesha.

Mangaribi ya ile siku bamama banakusanyikaka kwa maombi, na bazee bamoja banakuja. Sikuingia. Nikasimama inje ya lupango ya kanisa, mbali nao kama hatua kumi, binti nyuma yangu, nikabaita batoke. Bakatoka, bamoja bakija na mukono mbele tayari kunisalimia. Nikabazuia.

Nikabaambia: "Dada yangu haiko ku shamba. Iko ku matente, ni Ebola. Nilimugusa siku ya posho na mikono hii, kesho yake nikabasalimia bote. Nilibadanganya. Huyu binti ataandika majina yenu. Kwa Mungu, musikatae."

Mama wa ule mutoto akaivuta mukono ya mutoto, akaipanguza na kitenge yake, akaipanguza tena. Shemasi mumoja akaokota jiwe. Akalishika tu, hakunitupia. Nafikiri hakujua analifanyia nini. Mama muzee, mukubwa wa bamama ba kanisa, akasogea mupaka pa lupango.

"Ile siku ya jumapili," akauliza, "ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na bado ukanipa mukono."

"Ndiyo, mama."

Kisha akamugeukia ule binti: "Andika miye wa kwanza. Nilimupa mikono mbili, juu ni muzee wa kanisa."

Nyuma yake bengine bakapanga mustari. Siyo bote, bamoja balikimbia, ule binti akabafuata ku manyumba yao siku nyingi, na muchungaji pamoja naye. Bakachanjwa. Siku makumi mbili na moja nilikuwa nakaa mu parsele yangu, kibanda imefungwa, nangojea kusikia nani ameanguka. Hakuanguka mutu. Nami sikugonjwa. Muganga wa riposti alinielezea: juu ile jumapili ugonjwa haikukuwa mu mwili yangu, sikukuwa na ya kubapa. Sikusema ni imani yangu iliponyesha batu. Hata batu bengine bakisema vile, ninabakataza.

Dada yangu akarudi kisha majuma mengi, amekonda, na karatasi yenye kusema amepona. Mais nyuma, jicho yake ya kushoto ikaanza kuwa na ukungu, mwisho ikazimika. Baganga balisema hii inafikiaka benye balipona. Nilibauliza kama ni zile siku tatu. Mumoja akasema hawezi kujua. Nikauliza mwingine, naye vile vile. Ningali nauliza.

Siku moja alikuwa anachagua maharagi pa uwanja, anageuza kichwa ili jicho nzima ione. Akaniuliza bila kuacha kazi: "Yaya, uliningojesha juu ya nini?"

Ningeweza kusema imani. Kanisani balijua hivyo: muzee aliamini sana, akakosea. Bamoja balinihurumia kwa ile.

Nikamuambia: "Niliona haya. Niliwaza batu batasema nini juu yangu."

"Donc haikukuwa Mungu."

"Hapana. Mungu hakuwako mu ile maneno. Ilikuwa miye."

Akaendelea kuchagua. Akatupa mawe madogo mbili, tatu. Kisha akasema: "Kule kanisani ulisema ya mikono. Hii hukusema. Uiseme, na miye nikiwa nimekaa pale."

Jumapili yenye ilifuata nikaomba nafasi ya ushuhuda. Nilishuhudia mara mingi mu maisha yangu, pa parking, ku soko, juu ya magunia, mais siyo ushuhuda kama hii. Dada yangu alikaa banki ya mbele, na jirani yangu Muislamu, mwenye nilimualika, alisimama inje pa dirisha na kofia yake mukononi. Nikasema yote: ile ya mikono, na ile ya jina yangu. Nikasema nilipiga kelele ya Yesu miaka mingi, na siku yenye Yesu alitaka nifungue mulango moja tu, nilifunga. Nikaomba bazee banitoe mu kiti yao, na balinitoa, mupaka leo.

Nikamaliza. Hakuna mwenye aliitika amina. Nikamuangalia dada yangu. Akasogea kidogo ku banki, akanipa fasi, nikakaa.